Mwenye Ngamia, Mwenye Kisima

Leicester, 22 Oktoba 2025

Galma, fundi wangu,

Asalaam aleikum. Usishtuke kuona barua katikati ya wiki. Wewe mwenyewe ulisema simu ni ya salamu na barua ni ya maneno, na haya ni maneno. Kwenye simu ningelia tu, nawe ungesema "pole, pole" mpaka bando iishe.

Jana nilimwona Aabo.

Soma tena kama hujaelewa. Sikuota, wala siumwi. Nilikuwa kazini, kwenye sebule kubwa ya nyumba ya wazee, ambako televisheni huwashwa asubuhi na kuzimwa wakati wa kulala, atazame mtu asitazame. Nilikuwa namnywesha chai Bwana Cyril, yule mzee mkali niliyekuambia haachii rimoti hata akisinzia. Nikainua macho, nikamwona baba yangu ndani ya kisima kule Wajir. Maji yamemfika mapajani, shuka ameifunga juu, anainua ndoo na kuimba, na ngamia wamejaa nyuma yake mpaka pembeni mwa kioo. Kerrow mwenyewe, Galma, na ndevu zake za hina!

Nilimwaga chai yote. Bwana Cyril alianza kunitukana, halafu akaniona uso, akakipokea kikombe mwenyewe. Msimamizi akaniita chumba cha pili, kuna bibi alikuwa ameteleza. Niliporudi mbio nikakuta watu wanauza magodoro.

Unajua kwetu hakuna picha yake hata moja. Alikataa kamera maisha yake yote. "Anayetaka kuniona aje," ndivyo alivyokuwa akisema. Hata ile ya kitambulisho ilirudi serikalini pamoja na kitambulisho chenyewe alipofariki. Wazungu wa kupiga filamu walikuja mwaka ule wa ukame mkubwa, 2011. Mimi nilikuwa shule ya bweni, nikasikia habari tu. Hatukujua kama yumo.

Hooyo lazima aione. Daktari alisema presho ya macho haisubiri mtu, na mwaka jana alikuwa bado ananitambua kutoka mlangoni. Nataka amwone mumewe kabla macho hayajafunga. Kwa sasa sina haja nyingine duniani. Lakini sijui kipindi kinaitwaje, sijui chaneli ni ya nani. Nilichoona ni alama ndogo ya taa kwenye kona ya kioo, basi.

Chumba changu bado kinatazama ukuta. Nisaidie kufikiri.

Wako,
Barwaqo


Waberi, Garissa, 26 Oktoba 2025

Binti Kerrow,

Waaleikum salaam. Barua yako niliisoma kwenye simu juu ya paa la mtu, dishi mkononi, nikaketi kwenye mabati ya saa saba nikasahau kwamba naungua. Mwenye nyumba alidhani nimepigwa na stima.

Nimempelekea Mama habari. Kama kawaida, mimi nje ya pazia, yeye ndani, na binamu yako Arbia katikati kama balozi. Sisi Waborana mama mkwe hatazamwi usoni wala jina lake halitajwi, nanyi Wasomali mna haya zenu, kwa hiyo huu mwaka wa nne tunakaa ua mmoja na sijawahi kusikia neno lake ambalo halijapitia kwa Arbia kwanza. Halafu Arbia akasema, "Anauliza, alikuwa amefunga nini kichwani?" Nijibu hilo, ananisubiri.

Sasa sikiliza. Ngamia akipotea hatukimbii ovyo porini. Tunauliza chapa. Kila ukoo una alama yake, imechomwa kwa chuma shavuni au shingoni, na anayemwona baadi, yaani mnyama asiye na mchungaji, husoma ile alama akajua aende kwa wazee gani. Tena aliyemwokota baadi hamchinji wala hamuuzi. Humnywesha pamoja na wake, akangoja mwenyewe aje, ataje alama, aondoke na mali yake. Aliyemwokota humpa bila ugomvi. Haya unayajua kuliko mimi, wewe ndiye mtoto wa ngamia, sisi kwetu tulikuwa na ng'ombe wengi.

Basi hiyo taa kwenye kona ndiyo chapa. Mimi nawafungia watu madishi kila siku, naziona hizo alama, hakuna kioo kisicho nayo. Ulizia ukoo wake. Nenda kwa wazee wao, taja alama za baba yako, watakupa. Koo za televisheni haziwezi kuwa nyingi hivyo.

Mama hajambo. Anakula.

Mume wako,
Galma


Leicester, 9 Novemba 2025

Galma,

Mwambie Hooyo alikuwa amefunga taulo jekundu, lile lililopauka.

Koo ni nyingi, tena zimeoana na kuachana hadi kichwa kinauma. Mwalimu wangu ni Bwana Cyril. Anawajua wenye chaneli wote kwa sababu anawachukia mmoja mmoja. Nilipomweleza kuhusu Aabo aliniketisha, akashika rimoti kama imamu anayeshika maikrofoni, akaanza namba moja.

BBC, anasema, ni ya taifa, na kila nyumba yenye televisheni hulipia leseni. ITV ni kampuni ya watu wenye hisa, na ina watoto wake, ITV2 na kuendelea. Channel 4 ni ya umma lakini serikali haiilishi, inaishi kwa matangazo ya biashara, na kwa miaka mingi haikuruhusiwa kutengeneza vipindi vyake yenyewe, ilinunua kwa wengine. E4 na More4 na Film4 ni za nyumba hiyo hiyo. Akafika Channel 5, akapiga meza: "Wamarekani! Paramount!" Akafika Sky, akapiga tena: "Wamarekani wengine! Comcast!" Wazee wawili wakaamka. Halafu kuna chaneli inaitwa Dave. Dave, Galma, jina la mtu kabisa. Nikauliza huyo Dave ni nani, akasema hakuna Dave, ile ni ya UKTV, na UKTV ni mali ya tawi la biashara la BBC. Nikasema kumbe ni mtoto wa BBC aliyepelekwa sokoni. Alicheka mpaka akakohoa. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka, na watoto wake hawajafika tangu nianze kazi hapa.

Sasa hiyo taa. Chaneli yenyewe inaitwa Lantern, yaani taa, ndogo, iko mwisho kabisa wa namba. Nilipiga simu. Wa kwanza wakasema tuliiuza. Wa pili wakasema chaneli ni yetu sasa, ila vipindi tulivikuta, waulizeni wa kwanza. Wa kwanza wakaniambia niandike barua pepe. Niliandika kama ulivyosema, nikataja alama zote: ndevu za hina, taulo jekundu, jino la mbele lililovunjika. Nikajibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu kwao.

Chapa zenu hazifanyi kazi huku. Huku ngamia anauzwa asubuhi anapakwa chapa mpya mchana, au chapa inabaki mwenyewe anageuka, na mnyama hajui kitu.

Nimechoka. Kuna siku narudi chumbani nagundua sijasema hata neno moja la lugha yoyote ninayoipenda. Hooyo naye hataki tena simu ya video. Nikipiga anasema mtandao mbaya. Mtandao ni mbaya?

Barwaqo


Waberi, 20 Novemba 2025

Binti Kerrow,

Chaneli inaitwa Dave! Nimecheka peke yangu hadi Arbia akachungulia. Sisi tunawapa ngamia majina tunadhaniwa washamba, kumbe Waingereza wanaipa majina televisheni. Niliwaambia vijana wanaokuja kutazama mpira kwenye kibanda changu, sasa kila dishi likikataa wanasema, "Fundi, Dave amegoma."

Lakini barua yako imenikalia moyoni, nimeizungusha siku nyingi. Ndipo nikaona tulipokosea, na kosa ni langu. Kumbuka visima vya Wajir. Kila kisima kina mwenyewe, sivyo? Lakini wanaokunywa pale ni ngamia wa watu wengi, wenye chapa zao tofauti, na mwenye kisima hawajui. Ukimuuliza, "Ngamia yule mweupe wa jana ni wa nani?" atakujibu, "Alikunywa, akaenda." Hadanganyi. Chaneli ni kisima, Barwaqo! Ile taa kwenye kona ni alama ya kisima. Umekuwa ukigombana na wenye visima, na kisima kiuzwe mara kumi, ngamia si wao. Uliza mwenye ngamia. Filamu ina chapa yake mwilini, na naapa iko mwishoni, kwenye yale majina yanayopita mbio ambayo hakuna mtu huyasoma. Chaneli ndogo hazina vitu vingi, hurudia. Keti uingoje irudi kunywa.

Vuli zimekataa tena. Maboza ya maji yameanza kwenda vijijini, na sokoni mbuzi wamekonda, mtu anaona haya kuwatazama. Mimi nikimaliza kazi napika chakula cha mtu mmoja, kinanishinda. Upande wako wa kitanda nimeweka nyaya na vifaa. Si kwa uchafu, ni kwamba ulikuwa mtupu mno.

Mtandao ni mbaya, ndiyo. Mama anakusalimu sana. Anauliza kama ngamia mwenye sikio lililochanika yumo.

Galma


Leicester, 14 Desemba 2025

Fundi wangu mwenye akili,

Nimempata mwenye ngamia!

Ngoja nieleze. Siku zangu za mapumziko zote nimekuwa nikienda kazini bila sare, naketi sebuleni na wazee kama mmoja wao. Wenzangu wanadhani nimerukwa na akili. Msimamizi aliniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nikamwambia nyumbani ndiko ninakokutafuta, hakuelewa. Lakini huku giza linaingia saa kumi alasiri, Galma, na heri kukaa gizani na watu kuliko kukaa peke yangu na ule ukuta.

Na Bwana Cyril, Mungu amlipe, aliitoa rimoti kwa ajili yangu. Siku nisizokuwepo alikataa chaneli ibadilishwe hata kwa mpira. Wazee waligombana naye karibu wapigane kwa magongo. "Ni ya yule msichana," alikuwa akisema. Ijumaa nikiwa jikoni nikasikia ananiita kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Nikakimbia. Aabo alikuwa amerudi.

Kipande chake ni kifupi. Anainua ndoo, anaimba, halafu anageuka kwenye kamera na kusema kitu huku amenyoosha kidole. Msimulizi, Mwingereza mwenye sauti ya huzuni, anazungumza juu yake mwanzo mpaka mwisho. Anasema mzee huyu amepoteza kila kitu na anaiomba dunia imsaidie. Wallahi hakuwa anaomba! Mimi nakijua kile kidole. Kidole kile ni cha kugomba. Ngamia wote walikuwa nyuma yake hai, alikuwa amepoteza nini?

Nilingoja mwisho, simu mkononi, nikapiga picha yale majina. Oakmere Films, Bristol. Nimewaandikia usiku huo huo.

Mwambie Hooyo avumilie kidogo. Mwambie atumie dawa ya macho asiache hata siku moja. Ngamia mwenye sikio lililochanika yumo, mbele kabisa.

Wako mwenye furaha leo,
Barwaqo


Waberi, 20 Desemba 2025

Barwaqo,

Nimempa Mama habari. Kupitia pazia nilimsikia akicheka, na sijawahi kumsikia akicheka.

Nijibu jambo moja tu. Sauti yake inasikika? Hata kidogo?

Usijisumbue kupita kiasi. Lala. Vaa soksi mbili.

Galma


Leicester, 25 Januari 2026

Galma,

Filamu ndiyo hiyo nimekutumia pamoja na barua hii. Ifungue kwenye mtandao mzuri.

Oakmere walikaa kimya mwezi mzima. Nilipopiga walinishikisha muziki. Bwana Cyril akasema, "Nipe," akawapigia yeye, akawaambia kwa sauti ya jaji kwamba kuna mama Afrika ambaye macho yake yanakwisha nao wanapiga piano. Siku ya pili akanipigia mwanamke, Bi Hilary. Ndiye aliyekuwa na kamera siku ile. Oakmere ni yeye na mumewe tu, chumba kimoja. Alisema, "Namkumbuka baba yako. Alikuwa akituambia tuondoe mashine yetu njiani, inawatisha ngamia." Nikacheka, nikalia, naye akaomba radhi kwa maneno ya msimulizi, akasema wakati ule walikuwa wakiuza kwa chaneli, na chaneli ilitaka huzuni. Nakala amenipa bure. Alisema, "Ni yako." Kama ulivyosema wewe: mwenye mali hakufanya ugomvi.

Uliuliza sauti. Nilimuuliza. Kanda za asili, zile zenye sauti yake tupu, walizitupa walipohama ofisi. Imebaki hii ya msimulizi. Niliumia, lakini si neno. Ulikuwa unawaza kama fundi. Hooyo hahitaji kusikia, sauti yake anayo kichwani. Anahitaji kumwona.

Mkalishe karibu sana na kioo. Tumia televisheni kubwa ya kibandani. Ongeza mwanga. Mwambie Arbia amshike mkono. Halafu niandikie kila kitu, uso wake, alichosema, yote. Nimekaa hapa nasubiri na sili vizuri.

Barwaqo


Waberi, 1 Februari 2026

Binti Kerrow, mke wangu,

Soma ukiwa umeketi.

Mama haoni. Si kwamba haoni vizuri. Macho yalifunga Agosti, kabla hujamwona baba yako, kabla ya taa na Dave na yote. Ulipoandika barua ya kwanza nilikuwa tayari najua. Alinilisha kiapo kupitia kwa Arbia. Alisema, "Akijua ataacha kazi aje kuniongoza chooni, na sikumlea kwa hilo." Lilikuwa ombi la kwanza mama mkwe kuniomba. Sikuweza kulikataa, na kila barua niliyokuandikia ilinichoma. Nilipouliza sauti nilikuwa namuomba Mungu angalau sauti iwepo. Ukajibu haipo. Siku kadhaa niliitembeza ile simu mfukoni nikiogopa kuingia uani.

Jana nikasema liwe liwalo. Nilibeba televisheni kubwa, nikaiweka mbele ya mlango wake, pazia katikati. Yeye upande wake, mimi upande wangu, Arbia akae penye pazia aione picha amweleze. Ndivyo tulivyopanga. Nikawasha. Baba yako akatokea, Arbia akasema "Adeer!", amwitavyo ami yake, na mara hiyo hiyo akajifunika buibui usoni akaanza kulia. Hakuweza kusema neno. Akatoka nje.

Msimulizi anaendelea na Kiingereza chake. Mama amekaa gizani anangoja. Ndipo nikasikia sauti ya ndani, si ya Arbia, inaniambia mimi, "Wewe fundi. Wewe unaona. Sema."

Barwaqo, sijawahi kuzungumza na mama yako, na Kisomali changu unakijua, wewe mwenyewe hukicheka. Lakini nani mwingine alikuwepo? Nikarudisha mwanzo, nikaanza. Nikamwambia, amesimama majini. Taulo ni jekundu. Ndevu za hina. Yule mwenye sikio lililochanika anasukuma wenzake. Akasema, "Huyo, hana adabu." Nikamwambia, sasa anainua ndoo.

Pale, msimulizi alipovuta pumzi, sauti ya baba yako ikapita. Kidogo sana, mwito mmoja tu wa wimbo wa kisimani. Wewe ulisema haipo, nami nilikuwa nimeitazama mara nyingi nisiisikie. Mama aliisikia. Na aliijibu, Barwaqo! Kutoka ndani, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeitwa kazini.

Nikasimamisha picha. Nikauliza, Mama, umejuaje jibu lake? Akaniuliza yeye, "Ndoo anampa nani?"

Sikuwahi kujiuliza. Nikasogea kwenye kioo. Ndoo inapanda, na pembeni kabisa, penye kona ile ya chapa, kuna mkono unaoipokea. Mkono tu, mpaka kifundo, kamera haikutaka zaidi. Nikamwambia, kuna mkono wa mwanamke. Akasema, "Una alama gani?" Nikatazama hadi machozi yakanitoka. Nikasema, kwenye kifundo kuna makovu matatu ya moto, yamepangana mstari, kama yale ya kumchoma mtoto kutibu homa ya manjano.

Pazia likasogea. Akautoa mkono wake nje, akaugeuza kiganja juu, akasema, "Tazama."

Miaka minne nimekaa ua mmoja na mkono ule nikainamisha macho kila ulipopita. Niliutazama. Makovu matatu, Barwaqo, mstari mmoja. Mwaka ule vijana wote walikuwa wamehama na mifugo mbali, yeye ndiye aliyekuwa juu ya kisima, akipokea ndoo na kumwaga kwenye hori kutwa nzima. Wakampiga filamu mumewe wakamwacha yeye nje.

Halafu alicheka kile kicheko. Akasema, "Mwambie binti yangu aache kuwasumbua Wazungu. Si ya Wamarekani na si ya huyo Dave. Mwenyewe amepatikana, ametaja alama."

Tuliirudia mpaka stima ikapotea. Kila mwito aliujibu.

Nimekudanganya miezi mingi. Nisamehe ukiweza.

Galma


Leicester, 4 Februari 2026

Galma,

Nimekasirika. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Mlikaa wawili, mmoja kila upande wa pazia, mkaamua nini nijue na nini nisijue kuhusu mama yangu, na mimi huku naandika mwambie atumie dawa ya macho. Nilikuwa namtafutia picha mtu asiyeona. Nimelia kwenye stoo ya mashuka mpaka msimamizi akanituma nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni chumba hiki. Kusamehe nitasamehe, lakini si leo.

Leo asubuhi nilirudi nikamwomba Bwana Cyril anisimamishie filamu pale penye ndoo. Aliusogeza uso wake hadi kioo kikapata ukungu. "Huyo hapo," akasema. Mimi nimeitazama ile filamu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikimtazama Aabo tu, yeye tu, nikilia kwamba nimempoteza. Na mkono ulionilisha, ulionisuka nywele, ulionifungia begi siku ya uwanja wa ndege, ulikuwa pale pembeni kila mara, hai, unapokea ndoo. Sikuuona. Mimi nina macho mawili mazima, Galma.

Nimeomba likizo ya Idi. Bado hawajanijibu. Wakikataa nitaomba tena.

Arbia asimsomee Hooyo barua hii. Vuta pazia pembeni, ukae karibu naye, umsomee wewe, kwa Kisomali chako hicho kibovu. Ukikosea neno atakusahihisha.

Barwaqo